Siku Dada Alipokasirika

Simu ilipoita, Dada alikuwa kazini bakeri, anapamba keki ya harusi. Ilikuwa keki nyeupe ya ghorofa tatu, na alibakiza ua moja tu la krimu kule juu. Mikono yake ilikuwa imejaa krimu, kwa hiyo fundi wa oveni ndiye aliyeipokea simu na kumshikia sikioni.

Aliyepiga alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa anahema. Mdogo wako amemeza vidonge, alisema, tumemkuta sakafuni, mama yenu ameshaingia naye kwenye gari, wanakwenda hospitali.

"Sawa," Dada akasema. "Nakuja. Asante."

Fundi wa oveni alikuwa amesikia kila neno. Akaanza kumfungua aproni kwa nyuma, maana alijua mtu ataondoka mbio. Dada akainama tena kwenye keki. Akakamua krimu polepole, petali baada ya petali, mpaka ua likakamilika. Akarudi nyuma kidogo kulitazama. Kisha akanawa mikono na kuifuta kidole kwa kidole.

"Dada, umesikia ulichoambiwa?"

"Nimesikia."

"Ni mdogo wako!"

"Nimesikia, kaka. Keki msiiweke karibu na dirisha, jua litaiharibu."

Jioni ile fundi wa oveni alimwambia mkewe kwamba katika maisha yake hajawahi kumwogopa binadamu kama alivyomwogopa yule mwanamke akijifuta vidole.

Dada hakuwa mtu mbaya. Hilo jina la Dada alipewa na mdogo wake, na mtaa mzima ukalichukua, wakubwa kwa wadogo. Hata mama yao alimwita hivyo. Alikuwa amekaribia miaka arobaini, hajaolewa, na tangu baba yao afariki yeye ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba. Mdogo wake waliyemwita Kinanda alizaliwa nyuma yake kwa miaka mingi. Jina hilo lilitokana na utoto wake: akiamka anaimba, akila anaimba, akichapwa analia kwa sauti zenye mpangilio, mpaka baba yao akashindwa kuendelea kumchapa kwa kucheka.

Kinanda alikuwa na upendo wa kumwaga. Akikupenda, alikupenda mpaka unaona haya. Atakununulia kitu ulichokitaja mara moja tu mwaka jana. Atakaa na mgonjwa wako usiku kucha. Kila kazi aliyopata, mwanzoni bosi wake alikuwa malaika aliyeshushwa, na kabla msimu haujageuka bosi huyohuyo alikuwa nyoka. Wachumba vivyo hivyo. Yule wa mwisho alikuwa muuza vipuri vya magari, kijana mpole. Wiki ya kwanza walikuwa wameshapanga majina ya watoto. Halafu siku moja kijana alisahau kujibu ujumbe kwa sababu alikuwa chini ya lori, na Kinanda akaenda dukani kwake, akavunja kioo cha mbele cha gari la mteja kwa jeki.

Kwa Dada ilikuwa hivyohivyo, ila Dada hakuwa na pa kukimbilia. Asubuhi yeye ndiye "roho yangu, bila wewe ningeshakuwa udongo." Jioni yeye ndiye "mnafiki mkubwa, unasubiri nife upumzike." Siku moja Kinanda aliingia bakeri wakati wateja wamejaa, kwa sababu Dada alikuwa anakanda unga na hakupokea simu. Akasimama katikati ya duka.

"Huyu mnayemwona anawachekea," akawaambia wateja, "nyumbani hana utu! Anataka nife! Muulizeni!"

Mwenye bakeri alitoka ofisini. Wateja wakatazama mikate kama vile haijawahi kuonekana mikate duniani. Kesho yake, kabla hapajakucha vizuri, Kinanda alikuja na viatu vipya ndani ya boksi, saizi ya Dada kabisa, akapiga magoti na kulia mpaka akapaliwa. Dada akavivaa viatu, akamwinua, akampa maji. Vilikuwa viatu vizuri. Havikubana popote.

Zamani, mambo hayo yalipoanza, Dada alikuwa analia naye. Baadaye akawa analia peke yake bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa. Baadaye akawa anafungua maji tu, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na hakuna kinachotoka. Hakujua ni lini kilikauka. Watu walimsifu. Una moyo wa jiwe, Dada, walimwambia, wakimaanisha uvumilivu, naye akashukuru.

Hospitalini siku ile ya vidonge, nesi aliyekuwa anabadilisha dripu alisema kwa sauti ya kusikika, "Hawa wanatafuta tu kuonewa huruma." Mama akaangalia chini. Mjomba, aliyefika na koti lake la kanisani ingawa haikuwa Jumapili, akasema anachosema siku zote: "Anadeka. Apate mume wa kumtuliza." Shangazi akasema kuna mtu amemfanyia kitu, na yeye anamjua ni nani. Dada alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkono wa Kinanda ukiwa ndani ya mkono wake. Mkono ulikuwa wa moto. Aliujua kuwa ni wa moto, kama mtu anavyojua kwamba leo ni Jumanne.

Kinanda alipona mwili. Alipoanza kukaa kitandani, alikuja daktari wa wagonjwa wa akili, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliongea na Kinanda peke yake kwa siku kadhaa. Kisha, Kinanda mwenyewe alipokubali, akawaita ndugu.

"Binti yenu haigizi," aliwaambia. "Na hadeki. Ana ugonjwa unaohusu haiba."

"Haiba?" Shangazi akaruka. "Daktari, haiba ndiyo pekee asiyokosa! Muone alivyo!"

Hata Kinanda alicheka, akajishika tumbo. Daktari naye alitabasamu, akaanza upya. Alisema kuna watu ambao hisia kwao ni kama ngozi iliyoungua: kinachokugusa wewe kikapita, yeye kinamchoma mpaka mfupani. Kikubwa wanachoogopa ni kuachwa, na wakiogopa wanafanya mambo yanayowafukuza watu. Mtu anakuwa malaika au shetani kwao, katikati hapaonekani. Si laana, na si malezi mabaya ya mama. Alimwangalia Mama aliposema hilo. Dawa ya kumeza peke yake haitoshi. Kinachosaidia zaidi ni kuja kliniki kuzungumza na kujifunza kuishi na hisia hizo, kwa muda mrefu, na ndugu wajifunze pia.

"Mpaka lini?" Mjomba akauliza.

"Miaka," daktari akasema. "Lakini wengi wanapata nafuu. Nasema wengi, sisemi ili kuwafariji."

Mjomba akaangalia saa yake. Ndugu waliokwenda kliniki na Kinanda baada ya hapo ni Mama na Dada tu.

Dada alijifunza haraka. Aliambiwa kwanza alitambue lile analosikia mwenzake, hata kama hakubaliani na anachokifanya. Aliambiwa aweke mipaka, na ahadi atoe ile tu anayoweza kuitimiza. Vidonge vyote vya nyumbani vifungiwe kabatini. Swali la kifo liulizwe wazi, bila kuzungukazunguka. Yote hayo aliyafanya kama anavyofuata vipimo vya keki. Kinanda akipandisha hasira, Dada alikuwa anasema kwa sauti ileile, ya chini, "Naona umeumia. Nipo hapa. Nitakusikiliza ukiacha kutukana."

Cha ajabu, Kinanda akazidi.

"Unaongea kama mashine ya benki!" alipiga kelele siku moja. "Ingiza kadi! Tafadhali subiri!"

"Naona umekasirika," Dada akasema.

Kinanda akajipiga kichwa ukutani. Mama akaja mbio na mto.

Mwaka ulikuwa unaishia pale mwenye bakeri alipomwita Dada ofisini. Alikuwa anafungua tawi upande wa pili wa mji na alitaka mtu wa kulisimamia. Juu ya duka kulikuwa na chumba chenye jiko na choo chake. Dada akasema atafikiri. Alipofika nyumbani akagundua kwamba hakuwa na la kufikiri: hakutaka kwenda na hakutaka kubaki. Akakubali kwa sababu kukubali ndiko kulikuwa kufupi.

Aliwaambia mezani, siku ya kuzaliwa ya Mama, keki ikiwa imeshakatwa. Alieleza vizuri, kwa utaratibu. Atahama mwezi ujao. Atakuja kila wiki. Simu atapiga kila jioni.

Kinanda alikuwa na kijiko mdomoni. Alikitoa, akakiweka kando ya sahani kwa adabu kabisa, halafu akaikumba sahani, na sinia ya keki, na vikombe, vyote vikaenda sakafuni.

"Nenda! Nenda leo! Hujawahi kunipenda hata siku moja!"

Dada alichukua fagio na kitambaa. Akapiga magoti kuokota vigae vya vikombe.

"Naona habari hii imekuuma," akasema.

"Usinisomee! Nitukane! Nipige kofi! Fanya chochote!" Kinanda alikuwa amesimama juu yake, machozi na kamasi vinamtiririka. "Niangalie basi! Dada, niangalie!"

Dada akamwangalia. Macho ya Kinanda yalizunguka usoni kwake, yakitafuta, kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba cha giza akitafuta swichi. Hakuipata. Akaenda chumbani akajifunika shuka gubigubi. Dada akaendelea kufuta krimu iliyoingia kwenye nyufa za sakafu.

Mama hakuwa amesogea kitini. Alikuwa mama wa maneno machache, na siku hiyo alivaa gauni lake jipya.

"Dada."

"Abee, Mama."

"Mwenzio akipiga kelele naogopa. Lakini najua yupo. Wewe siku hizi nikikuangalia sijui uko wapi. Hata mimi unanitisha, mwanangu."

Dada akakamua kitambaa kwenye ndoo. "Nimechoka tu, Mama."

Alhamisi iliyofuata wote watatu walikwenda kliniki. Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, chenye feni inayolia na sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe. Kinanda alieleza habari ya sahani, hakuficha, hata kijiko alikitaja. Daktari akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Dada.

"Na wewe unaendeleaje?"

"Mimi mzima."

"Mwongo," Kinanda akasema taratibu. "Daktari, huyu anafanya kila kitu. Ananipikia, ananileta hapa. Lakini akiniangalia ni kama anaangalia ukuta. Nikimwona vile najua ameshaniacha, amebakiza mwili tu. Basi nafanya fujo ili nione kama atarudi."

Feni ikalia. Dada aliangalia mikono yake. Alitaka kusema "naona umeumia", na kwa mara ya kwanza sentensi ile ilimtia kinyaa.

"Ni kweli," akasema. "Sisikii kitu. Nimekufa ganzi. Si kwamba nimekuacha. Ukilia najua unalia, ila haifiki. Huwa nahesabu vigae vya sakafu hii."

Mama akashika pindo la kitenge chake. Kinanda akasimama na kutoka, akaacha mlango wazi.

"Nimfuate?" Dada akauliza.

"Ungependa?" daktari akauliza.

"Sijui."

"Basi kamfuate bila kujua. Mimi niko hapa."

Kinanda alikuwa uani, kwenye benchi la saruji mahali wanapoanika mashuka ya wodi. Alikuwa amekumbatia magoti. Dada akakaa mwisho mwingine wa benchi. Mashuka yalipepea kwa upepo mbele yao.

"Viko vingapi?" Kinanda akauliza bila kugeuka.

"Nini?"

"Vigae."

"Sijui. Huwa unanyamaza kabla sijafika mwisho."

Kinanda aligeuza kichwa. Mdomo wake ulikuwa unacheza, Dada hakujua kama ni kilio au nini, mpaka kicheko kikampasuka, kikubwa, cha puani, mfuaji wa wodi akachungulia kati ya mashuka. Alicheka mpaka akalia, na akalia muda mrefu kuliko alivyocheka.

"Samahani," akasema mwishowe. "Nitakuwa nalia zaidi ili umalize."

"Usijisumbue."

"Ni mimi niliyekufanya hivyo."

Dada alitaka kusema hapana, si wewe. Akaona si kweli, na kusema ndiyo pia si kweli yote. "Sehemu," akasema. "Sehemu ni wewe. Sehemu ni mimi kujikaza."

Alimwona Kinanda akilimeza lile jibu. Lilimshuka vibaya, lakini lilishuka.

Dada alihama. Walikubaliana mambo machache mbele ya daktari: mchana simu ya Dada imezimwa, jioni anapiga yeye, na Kinanda akiona hatari anamwambia Mama au anakwenda kliniki, hasubiri Dada atokee. Jumapili Dada anakuja nyumbani. Daktari alimtafutia Dada naye mtu wa kuzungumza naye, mshauri mzee anayekohoa, na Dada alikwenda kila alipoweza ingawa mara nyingi hakuwa na la kusema zaidi ya unga umefika, unga haujafika.

Majuma ya mwanzo yalikuwa mabaya. Akiwasha simu jioni, jumbe zilimiminika: matusi, nyimbo, picha ya paka, "nakuchukia", "umekula?", "usiponijibu utajuta". Dada alizisoma zote akiwa amekaa kwenye gunia la sukari, halafu anapiga kama alivyoahidi. Mara mbili Kinanda hakupokea, kumkomoa. Mara moja Mama ndiye aliyepiga, simu ya duka, mchana. Dada akaishika ile simu na kusubiri lije neno aliloliogopa, na tumbo lake likajikunja. Mama alikuwa anataka kumwambia kwamba Kinanda alikuwa ameamka vibaya sana, akavaa viatu, akaenda kliniki mwenyewe kwa miguu. Yuko huko sasa anakunywa chai na manesi.

Dada akarudisha simu mahali pake. Tumbo liliendelea kuuma mpaka jioni. Alimweleza mshauri habari hiyo, na yule mzee akakohoa, akasema, "Vizuri." Dada hakuona uzuri wake.

Kinanda alikuja kulala kwa Dada kwa mara ya kwanza msimu wa mvua. Alifika na begi kubwa kama anahamia. Jumamosi ilikuwa nzuri, wakapika, wakasuka nywele. Jumapili Dada alishuka dukani kuangalia mikate, na aliporudi mchana akakuta Kinanda amekipanga upya chumba kizima. Kitanda kimehamia dirishani, vyombo vimebadilishwa makabati, na vifaa vyake vya kupambia keki, vile vya chuma vidogovidogo vya kutolea maua, vimemwagwa kwenye ndoo ya sabuni kali ya kusugulia choo na vimeanza kupata kutu. Alivikusanya kwa miaka. Vingine haviuzwi tena.

"Nimekufanyia sapraizi!" Kinanda akasema, amejipaka vumbi mpaka kwenye nyusi.

Dada aliangalia ndani ya ndoo. Kitu kikapanda kutoka miguuni. Alishangaa kwanza, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo hakujua ipo.

"Nani kakwambia uguse?" Sauti yake ilikuwa kubwa mno kwa chumba kile. "Nani? Hivi ni vyangu! Ni vyangu mimi! Huwezi kuacha kitu changu hata kimoja kikae pale nilipokiweka?"

Kinanda akarudi nyuma mpaka ukutani. Hakuwa amewahi kuisikia sauti hiyo. Uso wake ulibadilika mara nyingi kwa muda mfupi, kisha akachukua kanga yake na kuteremka ngazi mbio. Mlango wa chini ukabamizwa.

Dada alibaki amesimama. Alikuwa na hasira. Aliivua ndala moja akaitupa ukutani, na hasira haikuisha. Alikaa chini, akaanza kuvitoa vifaa kwenye sabuni, anakausha kimoja kimoja, anasonya. Aliwaza kumpigia Mama. Aliwaza barabara, na magari, na mdogo wake anavyovuka bila kuangalia. Hofu nayo ikaingia, ikakaa pembeni ya hasira, na hakuna iliyomfukuza mwenzake. Akapiga. Mama akasema, "Amenipigia. Yuko kituo cha basi, amejikinga mvua chini ya paa. Anasema anapumua kama alivyofundishwa. Mwache apumue."

Mvua ilikuwa imeisha Kinanda aliporudi. Dada alikuwa anafagia chumba, amesharudisha kitanda mahali pake. Kinanda alisimama mlangoni, amelowa, hathubutu kuingia.

"Bado umekasirika?"

"Bado."

"Sana?"

"Sana. Vitatu vimeharibika kabisa."

Kinanda alimtazama usoni, kwa makini, muda mrefu. "Utaniacha?"

"Hapana," Dada akasema. "Nimekasirika tu."

Kinanda alikaa chini palepale kizingitini, kama mtu aliyepewa mzigo asiojua unashikwaje. Maji yalimdondoka kwenye nywele, yakaanza kutengeneza dimbwi.

"Hamia upande ule," Dada akamwambia. "Hapo nimeshafagia."